Wimbo Uliomkata Baba

Mimi si mtu wa kusahau. Mama alisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga alipata taabu kuzifungua. Kwa hiyo anayetafuta hapa habari ya msamaha aende parokiani, kule wanatoa bure kila Jumamosi. Mimi naeleza namna nilivyolipiza.

Baba alikuwa mchuuzi wa viazi na vitunguu. Alivifuata Kirumba, akavipakia juu ya lori, akaviuza sokoni Butembo. Kichwa chake kilikuwa chepesi, lakini maneno yalimjia polepole, na ili yasimponyoke aliyashikilia kwa vineno viwili: donc na nani. Donc, yaani 'kwa hiyo' ya Kifaransa, aliipata katika miaka michache aliyokaa shule ya mapadri. Kifaransa kingine chote kilimwagika njiani, donc peke yake ikafika nyumbani. Nani ilikuwa ya watu wote wa kwetu, ile ya kushikia nafasi wakati jina la kitu limekataa kuja, ila wengine waliitumia kama chumvi na baba aliitumia kama fufu, ugali wetu wa muhogo. "Donc, nani, muniletee ile nani, donc, ile mufuko ya vitunguu." Tulicheka, kwa nini nidanganye, lakini tulicheka huku tukimngoja. Na ukimngoja baba, mwisho wa sentensi yake palikuwa na kitu. Hata sokoni walimjua hivyo, na kuna wanunuzi waliochoka kungoja ataje bei wakapandisha wenyewe.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yangu. Kwetu, siku ya kuleta mbuzi wa mahari, wenye neno ni wawili tu: msemaji wa upande wa kijana na msemaji wa upande wa binti. Wanaume wengine wanakaa, wanakunywa pombe ya kasiksi, wanasikiliza. Wanawake hawasemi. Wanawake wanaimba, na nguvu yao iko hapo, kwa sababu msemaji akikwama au akichosha watu, mwanamke mmoja anapandisha wimbo na wenzake wanaupokea. Wimbo ukipanda, msemaji ananyamaza, anatabasamu, anapiga makofi kama wengine. Ukiisha, neno linakwenda kwa upande wa wale walioupandisha. Hakuna anayelalamika, kwani nani atagombana na akina mama wanaoimba kwa furaha? Na jambo ambalo hukulisema siku ile umelimeza. Kurudi kesho na sharti jipya wakati mbuzi wameshafungwa nyuma ya nyumba yako ni aibu ambayo hata mlevi haitaki.

Mimi niliposwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Ya kwanza ilipita mbio kuelekea Kinshasa, ya pili ikakaa kwetu kama mgeni asiyeaga. Waasi walikuwa wametawala Beni na Butembo, askari wakiongea Lingala kwenye kila kizuizi cha barabara, na wazazi wengi waliharakisha kuoza mabinti kabla mtu mwenye bunduki hajawapenda. Kijana wangu alikuwa wa Beni, mtaa wa Mulekera, aliuza mafuta ya mawese. Nilimpenda na yeye hana kosa katika habari hii. Lakini mimi nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, upande wa ualimu. Ulibaki mwaka mmoja nifanye mtihani wa Serikali, nipate diploma yangu, nisimame mbele ya darasa na chaki mkononi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu nilipojifunza kuandika jina langu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni.

Msemaji wetu alitakiwa awe kaka mkubwa wa baba, mkulima wa Manguredjipa, mtu mwenye ulimi wa asali. Hakufika. Watu walikuwa wanapigana kule, barabara ikafungwa, na wageni wa Beni walikuwa wamekwisha kuvuka vizuizi vyote na mbuzi wao juu ya gari. Baba akaja jikoni asubuhi hiyo, amevaa koti la Misa, kofia mkononi.

"Donc, miye mwenyewe nitabaambia," akasema. "Donc, iko neno moja tu. Mutoto, nani, amalize kwanza masomo. Donc, kisha diploma, bamukamate."

Nikamwambia, "Aksanti, papa." Nilimwamini kabisa. Alikuwa hajawahi kuanza sentensi asiimalize.

Upande wa pili waliongozwa na baba mdogo wa bwana wangu. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo watu wote walivyomwita. Alifundisha Kifaransa miaka mingi kabla ya kupewa kiti katika bureau, ofisi ya utawala wa waasi kule Beni. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alisema kama mtu anayesoma kitabu kilichoshikwa na malaika mbele yake.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani, kama inavyompasa bibi arusi, nikichungulia kwenye upenyo wa pazia. Nikamwona baba anasimama.

"Bazee, donc, karibuni. Donc, tunafurahi. Mutoto wetu, nani, donc, iko neno, nani, neno moja tu tuko nayo, donc..."

Mwalimu akainua mkono, na tabasamu lake lote, akamwita baba mkwe kwa Kifaransa.

"Beau-père, unisamehe. Siye tulikuja kuomba bibi moja. Huyu Nani naye ni binti yako? Juu ya Nani hatukuleta mbuzi."

Wageni wakacheka. Wa kwetu nao wakacheka, kwa adabu. Baba mwenyewe akacheka kidogo, kisha akaanza tena, "Donc..." Hapo Mwalimu akageuza sauti akawa baba. "Donc, nani. Donc, nani," akaivuta polepole, akitikisa mabega. "Bazee, munasikia? Ni lori ya viazi inapanda mulima ya Kirumba!" Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Nilimwona akimkonyeza shangazi wa bwana wangu, na shangazi akapandisha wimbo.

Wimbo ulikuwa mzuri. Hilo nalo sijalisamehe. Mama na wanawake wetu walikuwa nje kwenye masufuria, mikono yao ndani ya fufu, hawakuwahi kuupandisha wao. Wageni waliimba kwamba wamekuja kuchukua kilicho chao, walipiga makofi, vumbi likapanda, na baba akapiga makofi pamoja nao, kofia ikiwa imebanwa kwapani. Wimbo ulipoisha Mwalimu alikuwa amekwisha kusimama.

"Bon," akasema. "Kama hakuna neno ingine, bibi arusi atakuja mwisho wa mwezi. N'est-ce pas?"

Wakaitika wote. Baba alikuwa mdomo wazi. Akaufunga, akavaa kofia yake humo humo ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, akakaa.

Mwisho wa mwezi nilipanda gari kwenda Beni. Baba alinisindikiza hadi barabarani, akasema "Donc," hakuongeza kitu. Mwaka uliofuata wenzangu wa darasa walifanya mtihani wa Serikali, na mimi siku hiyo nilikuwa Mulekera nikikwangua mihogo.

Kisa kile kilitangulia mbele ya baba kila alikokwenda. Sokoni wakaanza kumuuliza kama Nani ameshaolewa. Basi akaacha kusema mbele za watu. Alipanga viazi vyake, akaonyesha bei kwa vidole. Msimu wa mvua uliofuata alishikwa na homa, barabara ilikuwa imekatwa na mapigano, na mimi nilifika Butembo nikakuta udongo umeshatulia. Homa ndiyo iliyomuua, siwezi kumsingizia Mwalimu hata homa. Lakini mama aliniambia kwamba siku za mwisho baba aliomba maji kwa kuonyesha kikombe. Mtu yule alikuwa anaomba chumvi kwa hotuba! Huo mzigo nilimtwika Mwalimu palepale kaburini, na sikuwa na nia ya kumtua.

Kumtwika ni rahisi, kumfikia ndiyo kazi. Alikuwa baba mkwe. Nyumba yake ilitazamana na yetu. Jumapili alikuja kula kwetu, nami nilipiga goti kumnawisha mikono, nikampa paja la kuku, nikamwitikia "Ndiyo, baba." Naye alisahihisha maneno yangu huku anatafuna. Hakujua kwamba nilikuwa namsikiliza kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kukaa mbele yake.

Ndipo nikasikia kitu. Mwalimu naye alikuwa na vineno vyake vya Kifaransa, vya 'yaani', 'sivyo' na 'kwa namna fulani'. C'est-à-dire. N'est-ce pas. En quelque sorte. Hakuweza kuomba kijiko bila kupitia c'est-à-dire. Ukivitoa vyote, katika hotuba yake nzima palibaki kiasi cha kujaza kikombe cha chai. Lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu donc ya baba ilikuwa imevaa kandambili na n'est-ce pas ya Mwalimu ilikuwa imevaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Nyani haoni kundule. Jumapili hiyo roho ilinichemka hadi nikaunguza mboga ya sombe.

Nikaingia katika kundi la akina mama wa mtaa wanaoimba kwenye sherehe. Sauti ninayo, ya mama. Baada ya muda nikawa mimi ndiye mpandishaji wa nyimbo, na Mulekera nzima ikajua kwamba nikivuta pumzi, wengine wavute pia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mara ya kwanza ilikuwa ubatizo wa mjukuu wa kaka yake. Mwalimu alisimama, akaanza, "Wapenzi bazazi, c'est-à-dire..." Nikapandisha. Alibaki na kidole hewani. Wimbo ulipoisha, neno likapewa mjomba wa mtoto, na Mwalimu akakaa na hotuba yake tumboni. Baadaye akanifuata.

"Mama, leo mulinikata."

"Baba, utusamehe. Furaha ilitushinda."

Angefanya nini? Angeshtaki furaha kwa komanda? Tangu hapo furaha ilitushinda kwenye ubatizo, kwenye harusi, hata kwenye kumaliza matanga. Bwana wangu alinionya. "Ule ni baba," akasema. Nikamuuliza, "Na wangu alikuwa mbwa?" Ninachokumbuka kwa utamu ni jinsi Mwalimu alivyobadilika. Alianza kuogopa kupumua. Aliziba kila upenyo ili nisipate pa kuingilia, n'est-ce pas juu ya c'est-à-dire, mpaka watu waliomsikiliza kama malaika wakaanza kutazama saa zao. Niliona jasho kwenye ukosi wake nikalala vizuri.

Sasa, Mwalimu alikuwa na binti wa mwisho. Nilipofika Mulekera alikuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari. Huyo alikuwa wangu. Masomo yake aliyafanyia jikoni kwangu, karibu na jiko la mbabula, kwa sababu makaa yangu yalitoa mwanga mzuri na kwa sababu nilimsaidia. Nilimfundisha yote niliyokumbuka hadi mwaka wa tano. Siku alipofika mwaka wa tano mwenyewe, akaja mchumba kutoka Butembo, wa familia ya wenye maduka, watu wa haraka. Walitaka waje na mbuzi mara moja, wachukue mara moja, kabla barabara haijafungwa tena.

Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu akaingia jikoni kwangu. Msemaji hakutafuta, kiburi hakikumruhusu kumwachia mtu mwingine neno la nyumba yake. Alisimama mlangoni, kalamu zake mbili mfukoni.

"Mama, nakuomba kitu moja. Leo, hapana kupandisha wimbo mupaka nimalize. C'est-à-dire, iko neno moja tu. Mutoto, n'est-ce pas, amalize kwanza masomo. Kisha diploma bamukamate."

Niliona kama mtu amenimwagia maji ya moto mgongoni. Neno kwa neno! Huyu mtu alisimama jikoni kama alivyosimama baba, akaniomba kwa ajili ya binti yake kile alichoninyima, na usoni mwake hakukuwa na kumbukumbu yoyote. Hakujua. Alimkata baba kama mtu anayefukuza inzi, na nani anakumbuka inzi?

"Baba," nikamwambia, "weye sema tu."

Wageni wakafika, wakakaa, wakanywa. Binti alikuwa chumba cha ndani, na niliona pazia likitikisika pale penye upenyo. Mimi nilisimama mlangoni kati ya jikoni na sebule, mwiko mkononi, akina mama wa mtaa nyuma yangu. Nilikuwa nimeamua. Nitamwacha aanze, nitamkata, atameza neno lake mbele ya watu, na ataishi nalo.

Akasimama. Hakuwatazama wageni, alinitazama mimi.

"Bazee, c'est-à-dire, karibuni. C'est-à-dire, en quelque sorte, n'est-ce pas, tunafurahi. Mutoto wetu, c'est-à-dire, iko neno, n'est-ce pas..."

Msemaji wa wageni, kijana mnene mwenye saa ya dhahabu, akaanza kutabasamu. Nililijua tabasamu lile. "Beau-père," akasema, "c'est-à-dire nini? Jua itazama, tuko na barabara." Watu wakacheka. Mwalimu akafungua mdomo, akasema tena "C'est-à-dire," ikakwama. Nikamwona shangazi mmoja wa wageni anavuta pumzi.

Hapo hesabu yangu ikaharibika. Wakipandisha wao, neno linakwenda kwao, na yule aliyeko nyuma ya pazia anakwenda Butembo mwisho wa mwezi kukwangua mihogo. Mwalimu angeumia, ndiyo. Lakini angeumia kwa kupitia binti yake, na yule hakumkata mtu. Isitoshe, ningekuwa nimewapa wageni kisasi changu wakile wao. Sikukilea miaka yote ile ili kiliwe na kijana wa saa ya dhahabu.

Nikapandisha mimi. Niliupandisha wimbo uleule wa siku ya baba, ambao kila mtu toka Beni hadi Lubero anaujua. Kwetu mpandishaji ana ruhusa ya kutia maneno yake. Nikashika mwiko kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama baba alivyoshika kofia, nikamtazama Mwalimu machoni, nikaimba:

"Donc!"

Akina mama walisita, kisha wakaitika, "Eee!"

"Donc, nani!"

"Eee!"

"Mutoto wetu, nani, donc, iko neno moja!"

"Neno moja!"

"Neno moja tu, nani, tuko nayo!"

Sikuharakisha. Kila donc niliipa nafasi yake, kila nani nikaivuta polepole kama alivyoivuta yeye siku ile akitikisa mabega. Kwanza watu walicheka, lakini wimbo una miguu yake; wakaanza kupiga makofi, hadi wanawake wa wageni wakaitika. Mwalimu naye alikuwa anapiga makofi, kama inavyompasa. Halafu nikamwona anakumbuka. Mikono yake ilikutana mara ya mwisho ikabaki imekutana.

"Donc, amalize kwanza masomo!"

"Amalize!"

"Donc, kisha diploma, nani, mumukamate!"

"Mumukamate!"

Sentensi ya baba ikafika mwisho. Ilichukua miaka, ilipita kaburini, ikafika Mulekera. Neno likarudi kwetu, watu wote wakamgeukia Mwalimu alithibitishe, na mtu yule wa maneno mengi alipata mawili tu. "Njo vile," akasema, akakaa. Mzee wa wageni akatikisa kichwa kukubali, maana wanawake wake mwenyewe walikuwa wamekwisha kuliitikia.

Binti alimaliza. Leo ni mwalimu Beni, ana darasa lake na chaki yake. Diploma imening'inizwa sebuleni kwake, kwenye fremu. Nikienda kumtembelea, nakaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

Lakini nirudi siku ileile. Wageni walipoondoka, jua bado likiwa juu, nilikuwa nyuma ya nyumba nikikwangua ukoko wa fufu. Mwalimu akaja. Hakuwa na koti. Alisimama juu ya sufuria langu kama mtu aliyeitwa akasahau sababu.

"Mama," akasema. "Ile siku, kule kwenu. Baba yako. C'est-à-dire, ile neno alikuwa nayo, n'est-ce pas, ni hii..."

"Njo hii."

"C'est-à-dire, miye, en quelque sorte..." Mkono wake ukatafuta kalamu kifuani. "Donc..."

Ningeweza kumsaidia. Neno lenyewe ni fupi, watoto wadogo wanalijua. Nikaweka sufuria chini, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Sema, baba," nikamwambia. "Miye siko na haraka."

Maji ya kuoshea sufuria yalipoa kati yetu, naye bado alikuwa kwenye donc.